Amplifaya Iliyoacha Kuhema

Jumatatu, 3 Machi

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya mashauriano marefu yaliyonihusisha mimi peke yangu, natangaza kwamba kuanzia leo saa nne na robo asubuhi ni marufuku kuweka kikombe cha chai juu ya meza hii ya kazi. Amri hii haina rufaa. Inamhusu kila aingiaye katika chumba hiki cha nyuma ya jukwaa, na kwa kuwa aingiaye sana ni mimi, mkosaji wa kwanza ameshakamatwa, ameonywa, na amepangusa meza.

Mvua zimeanza. Ukumbi umefungwa mpaka Mei kwa sababu paa linavuja mahali saba. Bendi inafanya mazoezi mchana tu, katikati ya ndoo. Kwa kuwa hakuna maonyesho, Kaka ameniletea amplifaya ya gitaa lake niitazame.

"Inanguruma yenyewe hata nikiwa sijagusa waya," amesema. "Ifungue polepole, mdogo wangu. Hii ina umri mkubwa kuliko sisi wote."

Nimeifungua. Ni ya Kiingereza, nzito kama kabati lenye mtu ndani, na inatumia valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu. Kapasita zake mbili kubwa, zinazotunza umeme, zimevimba mashavu. Valvu moja, ile inayoupokea umeme wa ukutani na kuugeuza ufae kutumika ndani, imechoka hata kuwaka kwake ni kwa kusukumwa.

Nimefanya kama tufanyavyo siku zote. Sisi mafundi wa mtaa huu tuna sheria moja: ukitoa kilichokufa, weka kikubwa zaidi, kazi isirudi. Umeme wetu hupanda na kushuka kama homa. Kitu cha kipimo kamili hakidumu. Kwa hiyo kapasita nimeweka za ukubwa mara nne. Ile valvu nimeivunja kioo, nikabakiza kitako, na ndani ya kitako nikalehemu dayodi mbili, vidude vidogo kama punje za mchele, visivyopata moto wala kuchoka. Umeme sasa unapita bila kusitasita. Nimekichomeka kitako mahali pake na kukitazama kama watu wanavyotazama picha zao za harusi. Mimi sina picha ya harusi. Nina kitako.

Mngurumo umekoma. Kazi yangu hairudi.

Alhamisi, 6 Machi

Imerudi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa hasira, na kama mwandiko haueleweki, basi afadhali, kwa maana kuna maneno humu ambayo sitaki kuyasoma uzeeni.

Mwenyekiti wa bendi aliitisha kikao. Mwenyekiti hupenda vikao kuliko muziki. Nadhani alianzisha bendi ili apate watu wa kukaa nao kikao. Tulikaa kwenye viti vya ukumbi, kila mtu akichagua pasipovuja. Amplifaya iliwekwa katikati, kama mshtakiwa, na Kaka akaambiwa aeleze.

"Haihemi," Kaka akasema.

"Fafanua," akasema Mwenyekiti.

"Zamani nikiupiga uzi kwa nguvu, inalegea kidogo, halafu inainuka. Kama mtu anayevuta pumzi kabla hajalia. Sasa nikipiga, sauti inatoka palepale, ngumu, yote. Kama nagonga bati."

"Ulitaka amplifaya," nikamwuliza, "au mgonjwa wa pumu?"

Watu wakacheka. Mpiga ngoma alicheka mpaka akasogea chini ya tundu na kulowa. Kaka hakucheka. Alinitazama, kisha akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja siku ya wiki: "Mdogo wangu ameiua."

Ameiua! Miaka kumi na moja naitengenezea bendi hii vyombo. Nimeamka na homa kwenda kulehemu waya wa maikrofoni wa mtu aliyeutumia kuanikia nguo. Kitabu cha ufundi sijawahi kupewa na mtu; nimejifunza kwa kusoma michoro iliyobandikwa ndani ya vifuniko vya redio za watu. Na ndugu yangu, tuliyenyonya titi moja, anasimama mbele ya mpiga besi asiyejua hata kufunga kamba za viatu vyake, anasema nimeua.

Mwenyekiti akakohoa kikohozi chake cha maamuzi. Ukumbi utafunguliwa Jumamosi ya tarehe kumi Mei, mwenye ukumbi atakuwepo, na siku hiyo sauti itasikilizwa mbele ya wote. Ikiwa imerudi, vizuri. Ikiwa haijarudi, fundi wa bendi atakuwa Profesa, na chumba hiki kitakwenda pamoja na kazi.

Profesa ana kibanda kwenye kona ya barabara kuu, cheti cha chuo ndani ya fremu, na koti jeupe kama la daktari wa meno. Mimi nina chumba hiki. Nafanya kazi upande wa dirisha, nalala upande wa mlango. Nikikikosa sina upande.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka hanisemeshi. Nami simsemeshi. Tumegawana kazi sawasawa.

Jumatano, 12 Machi

Wifi, mke wa Kaka, amekuja na mwavuli na ujumbe.

"Mwenzangu anasema hakumaanisha umeiua kwa makusudi."

"Mwambie nimeshukuru. Maneno hayo nitayatia kwenye fremu, nishindane na Profesa."

"Wifi, mimi si posta."

"Najua. Posta wangekuwa wamefunga mvua hii."

Amekaa, amekunywa chai, ameweka kikombe juu ya meza. Nimemwachia. Ametazama amplifaya akauliza kwa nini watu wazima wanagombania sanduku. Sikuwa na jibu la haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Jibu ninalo leo.

Kila mtu hapa husema "ya Kiingereza" kana kwamba amplifaya hii inakula kwa uma. Wachache wanajua maana yake. Mimi nimefungua za Kimarekani tatu na za Kiingereza mbili, na nasema nilichoona kwa macho na kusikia kwa masikio. Ya Kimarekani hukaa safi muda mrefu. Ina besi nzito chini, mng'aro juu, na katikati pana shimo. Ya Kiingereza haina subira. Valvu zake kubwa zinazosukuma spika huanza kukwaruza mapema, na mkwaruzo wake ni mnene, si wa makali. Tena vitufe vyake vya kurekebisha sauti haviichimbi sana sauti ya kati, na katikati ndipo linapokaa koo la binadamu. Ndiyo maana gitaa likipita humo unadhani linataka kusema jambo na linaona aibu.

Kisha iko spika: inchi kumi na mbili, karatasi nyepesi inayoanza kulia kabla haijasukumwa sana. Na sanduku lake la mbao, lililofungwa nyuma, linaloibana besi isitawanyike.

Kwa hiyo washukiwa ninao: valvu kubwa, vitufe, spika, sanduku. Nitawatafuta kama polisi wanavyomtafuta mwizi, kwa kumshuku kila mtu isipokuwa mimi.

Jumatano, 19 Machi

Mshukiwa wa kwanza, valvu kubwa. Nimezitoa na kuweka jozi ya akiba niliyoitunza ndani ya soksi. Kaka ameitwa kusikiliza. Amepiga dakika nne bila kunitazama, kisha akamgeukia mpiga ngoma. "Mwambie fundi, bado."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mpiga ngoma, ambaye hakuumbiwa ujanja, akanigeukia. "Anasema bado."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie na mimi nimesikia kwamba amesikia."

Mpiga ngoma akaweka vijiti chini, akaenda kununua sigara. Havuti sigara.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ndoo ya tisa.

Jumatano, 2 Aprili

Vitufe nimevisafisha kimoja kimoja na kupima kila kilichounganishwa navyo. Havina hatia. Spika nimebadilisha kwa nyingine: mbaya zaidi, ilitoa sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nimeirudisha ya zamani. Sanduku nimeliondoa ubao wa nyuma, nikaukausha kwa siku mbili kando ya jiko, nikaurudisha na skrubu zote kumi na nane. Bado. Kila mara "bado," kila mara kupitia kwa mpiga ngoma, ambaye sasa ananikwepa kwenye korido.

Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya sanduku, Mwenyekiti aliingia bila kubisha. Mkononi alikuwa na futi ya kupimia, ile ya utepe. Akaivuta kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Unapima nini?"

"Napima tu."

"Mtu hapimi tu, Mwenyekiti."

"Profesa ana rafu ndefu," akasema. "Tunataka kujua kama itaingia."

Alisema "tunataka" akiwa peke yake. Kisha akapima kitanda changu! Akaandika kipimo cha kitanda changu kwenye kiganja, kwa kalamu aliyoichukua mezani kwangu, na akaondoka nayo. Nimekaa sakafuni. Nilikuwa na bisibisi mkononi, na namshukuru Mungu kwamba Mwenyekiti ni mwepesi wa miguu.

Kaka alikuwa jukwaani. Aliona futi ikiingia, akaiona ikitoka. Aliendelea kukaza nyuzi za gitaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Profesa amekuja ukumbini mwenyewe, koti jeupe, viatu ndani ya mifuko ya plastiki. Amebeba kijisanduku chenye kioo kama cha simu.

"Humu," akasema, "kuna amplifaya za Kiingereza kumi na mbili. Unabonyeza unayoitaka."

Kaka akachomeka gitaa. Akabonyeza ya kwanza, ya pili, akaruka mpaka ya saba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikuwa napeleleza, pazia ndilo lililokuwa mbele yangu.

"Inafanana," Kaka akasema.

"Si ndicho tunachotaka?" akauliza Mwenyekiti.

"Picha ya mkeo inafanana na mkeo, Mwenyekiti. Ukiumwa utaiita ikuchemshie maji?"

Watu walicheka kwa adabu. Mimi nyuma ya pazia nilicheka bila adabu, nikaziba mdomo, kisha nikakumbuka kwamba nimemkasirikia. Akachomoa waya, akamrudishia Profesa kijisanduku kwa mikono miwili. "Chombo kizuri," akamwambia. "Ila mimi napiga ile."

Nimejaribu usiku mzima kuwa na hasira naye kama ya jana. Imekuja, lakini kwa kuchechemea.

Jumanne, 15 Aprili

Kikombe changu mwenyewe, juu ya meza. Sina nguvu ya kujiadhibu.

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, nisije baadaye nikajipendelea.

Saa tisa mchana mvua ilishuka kama imetumwa. Ndoo hazikutosha, tukaweka na sufuria. Bendi ilikuwa inafanya mazoezi kwa ukaidi tu. Mimi nilikuwa humu nachemsha maji. Ghafla balbu ikafifia, ikawa rangi ya chungwa, nikaona waya wake ndani kama unywele unaoungua. Umeme haukukatika, ulinyong'onyea tu. Nikachukua mita nikapima tundu la ukutani, kwa mazoea. Kwa kawaida linasoma mia mbili na arobaini. Lilisoma mia moja themanini na kitu.

Hapo ndipo nilipoisikia.

Kaka alikuwa ameshika noti moja ya juu. Ikalegea, ikazama kidogo, halafu ikainuka yenyewe, nene, ikalia. Nilitoka mbio na kijiko mkononi. Mpiga besi ameacha kupiga. Mpiga ngoma ameinua vijiti hewani na kuvisahau. Kaka amefumba macho, anapiga mstari uleule tena na tena kama mtu aliyekuta mlango wa nyumbani uko wazi. Maji yalikuwa yanaanguka kwenye sufuria na hata hayo yalikuwa na staha.

Ikaenda hivyo dakika tisa. Kisha balbu zikapanda, zikawa nyeupe, na katikati ya noti sauti ikawa bati.

Kaka akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu Machi akanitazama mimi, si mpiga ngoma.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Basi rudi ukaendelee kutofanya."

Nimerudi chumbani nikakaa kitandani. Amplifaya ikishiba umeme, sauti mbovu. Ikishinda njaa, sauti nzuri. Kwa hiyo kuna kitu kinailisha kupita kiasi. Nani anayeilisha? Nikaanza kuhesabu vinavyopitisha umeme tangu ukutani. Waya. Swichi. Transfoma. Kitako.

Kitako changu kizuri!

Ile valvu niliyoivunja kioo haikuwa ikipitisha umeme kwa moyo mkunjufu. Hakuna valvu ya aina yake inayofanya hivyo, hata ikiwa mpya. Gitaa likipigwa kwa nguvu, amplifaya inadai umeme mwingi kwa mpigo, na valvu ile inachelewa kuutoa. Umeme unashuka, sauti inabanwa, kisha unapanda, sauti inavimba. Ndiyo ile pumzi. Kapasita ndogo za zamani nazo zilikuwa zinaishiwa upesi, zinasaidia uchovu huo. Mimi nikaja na dayodi zisizochoka na kapasita mara nne, nikaitia shibe mpaka ikasahau kuhema. Kazi yangu bora kuliko zote. Niliyoitazama kama picha ya harusi.

Nimewahoji washukiwa wote kwa wiki sita, na mwizi ndiye aliyekuwa anaandika maelezo yao.

Na Kaka aliniambia! Siku ya kwanza, mbele ya watu, aliniambia ugonjwa wenyewe kwa jina lake. Inalegea, halafu inainuka. Fundi yeyote mwenye akili angesikia "umeme unashuka na kupanda." Mimi nikamtania pumu ili watu wacheke. Hasira niliyokuwa nayo kwa Kaka iko palepale, imebadilisha anwani tu.

Jumatano, 23 Aprili

Dukani kwa vipuri wananiuliza valvu ni ya baiskeli au ya bomba.

Mtu mmoja tu katika mji huu anaweza kuwa nayo. Sitakwenda.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda.

Kibanda cha Profesa ni safi kiasi cha kukera. Cheti kiko ukutani. Alikuwa anakula ndizi huku amevaa koti.

"Karibu, fundi."

"Sikuja kukaa."

"Basi karibu usimame."

Nikamwambia ninachotaka. Akauliza ya nini. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri njiani, wenye redio na mjane ndani yake, lakini ulitoroka. Nikamweleza ukweli wote: kitako, dayodi, mvua, dakika tisa. Alisikiliza bila kutafuna.

"Hili hatukufundishwa," akasema mwishoni. "Chuoni walitufundisha umeme unaoshuka ni hitilafu."

"Na mimi nilijifundisha hivyohivyo, bila ada."

Akacheka. Nilikasirika kwamba ana kicheko kizuri. Akapanda stuli, akafunua kitambaa juu ya redio kubwa ya zamani isiyofanya kazi, akafungua mgongo wake, akachomoa valvu na kunipulizia vumbi lake usoni bila kukusudia.

"Chukua. Lakini nikueleze jambo, usije ukanichukia bure. Hicho chumba chako sikukiomba. Mwenyekiti ndiye aliyekuja hapa na vipimo vya kitanda chako kwenye kiganja. Nikamwambia nina nyumba, nina mke, na hicho chumba kinavuja."

"Kinavuja mahali pamoja tu."

"Fundi, nilikuwa nakutetea."

Nimetembea kurudi na valvu kwapani. Adui niliyemlea tangu Machi kwa uangalifu wote, nikimlisha asubuhi na jioni, hakuwa adui. Nimebaki na Mwenyekiti, na yeye hasira yangu yote haimtoshi. Ni mdogo mno.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeng'oa kapasita zangu kubwa na kuweka za kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro, si zaidi. Nimekitoa kitako. Nimechomeka valvu ya Profesa. Ikawaka taratibu, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa Jumapili. Nikamwita Wifi nikamwambia amwite mumewe.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie fundi anamwita."

"Siendi. Mwite mwenyewe, mlango ule pale."

Nikaenda mpaka jukwaani. Alikuwa anafuta gitaa kwa kitambaa. Hotuba niliyoandaa ilikuwa na utangulizi, sababu na hali ya umeme nchini. Iliyotoka ni fupi.

"Kaka, nilikosea. Ni mimi."

Akaendelea kufuta. "Sema kwa sauti, nimekaa karibu na spika miaka mingi."

"Nilikosea!"

"Sikio hili ndilo zima. Njoo upande huu."

"Nilikosea, na usipoichukua sasa hivi narudisha ilivyokuwa."

Hapo akacheka. Nami nikamwambia kwamba alinieleza ugonjwa vizuri siku ya kwanza, na kwamba nilimcheka. Akaacha kufuta. "Na mimi," akasema, "futi ilipopita nilinyamaza. Ningeweza kusema neno." Kwa Kaka hiyo ni barua ya kurasa nne.

Tukaibeba amplifaya pamoja mpaka katikati ya jukwaa. Akachomeka waya, akazungusha kitufe cha sauti mpaka nane, kwa sababu amplifaya hii mpaka ibanwe ndipo inaposema. Akapiga. Ikalegea, ikainuka, ikalia. Nilisimama kwenye ukumbi mtupu kati ya ndoo kumi na moja na sikujua niweke wapi mikono yangu. Wifi alifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni vumbi, akaongeza kwamba kuanzia leo posta imefungwa.

Mwenyekiti yuko safarini mpaka siku ya ufunguzi. Ameacha agizo kwamba sauti itahukumiwa siku hiyo, rasmi, mbele ya wote. Haya. Na ahukumu. Mara hii ninayo, iko hapa, na nataka aisikie kwa masikio yake mawili, kisha anirudishie kalamu yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Nimemwaga ndoo zote.

Jumamosi, 10 Mei

Ukumbi ulijaa tangu saa nane mchana. Mwenye ukumbi, bibi mmoja anayeogopwa na kila mpangaji, alikaa safu ya mbele na wageni wake, wazee watupu. Mwenyekiti alisimama kando ya jukwaa na karatasi mkononi. Profesa alikuja bila koti, nusura nisimtambue, akasimama karibu nami ukutani.

Kaka alifungua nane, akapiga. Noti ya kwanza ilianza kulegea.

Bibi akainua mkono. "Wanangu, punguzeni. Watu wanaongea."

Kaka akarudisha sita. Bibi akainua mkono tena. Kaka akanitazama. Nikamwomba kwa macho asikubali. Akarudisha nne. Mzee mmoja pembeni ya bibi akaziba masikio kwa vidole vyote viwili, na bibi akamwita Mwenyekiti kwa kidole. Mwenyekiti akakimbia, kweli alikimbia, akapanda jukwaani, akaizungusha mwenyewe mpaka mbili. Nilipiga hatua kwenda mbele. Nilitaka kumwambia kwamba chini ya nane hakuna wa kuhukumiwa, kwamba valvu zote zimelala, kwamba wiki tisa za maisha yangu ziko juu ya namba aliyoipita. Profesa akanishika mkono wa blauzi.

Bendi ikapiga hivyo mpaka mwisho, na wageni wakaongea vizuri. Wimbo wa tatu Mwenyekiti akaja kwangu, amefumba macho, kichwa kinatikisika polepole kama cha mjuzi.

"Unasikia?" akasema. "Inahema. Imerudi ileile. Fundi, chumba ni chako."

Akaenda kuandika kwenye karatasi, kwa kalamu yangu. Profesa akaniinamia.

"Ameweka ngapi?"

"Mbili."

Profesa akatazama viatu vyake.

Kwenye namba mbili, valvu yake na dayodi zangu hutoa sauti ileile.